Kuta au Mapazia

Nchi yetu usiitafute kwenye ramani. Mchora ramani wa mwisho aliichora ndogo kuliko Mtukufu Rais anavyoiona akiwa dirishani kwake, akachapwa hadharani mpaka akasahau kaskazini ni wapi, na tangu hapo hakuna aliyejitokeza kuirudia kazi hiyo. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo, na ina amani kubwa sana. Anayesema hatuna amani hupigwa mpaka akubali kwamba tunayo.

Mimi naitwa Shekue, na wakati ninaousimulia nilikuwa Afisa Itifaki wa Taulo. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya wakubwa vikaoni nikiwa na taulo jeupe mkononi, ili hoja zikiwa nzito na mtu akatoka damu, nimfute kabla haijafika kwenye zulia. Zulia lile ni zawadi ya nchi rafiki. Sikuwahi kuuliza damu ni ya nani, maana hilo si swali la itifaki.

Nasema haya ili ujue nilikuwepo siku taifa lilipochagua namna ya kuigawa mashine yake. Nilikuwa karibu kabisa na mhandisi Siwatu na mdogo wake Chande, ambaye ndiye aliyeanzisha yote bila kukusudia.

*

Zamani zile tovuti zote za nchi ziliishi ndani ya kompyuta moja kubwa, ambayo wataalamu huiita seva, iliyokuwa ikinguruma katika jengo la Wizara ya Nyaya. Tovuti ya Rais ilikuwa humo, ya polisi humo, ya hospitali humo, ya wauza samaki humo, zote zimelundikana bila mpaka kama ukoo mzima uliolala chumba kimoja. Na humo humo ilikuwamo tovuti ya Chande, kijana mcheshi aliyekuwa akisimulia mechi za mpira kwa maneno yake mwenyewe. Watu walimpenda kupita kiasi.

Mwaka ule siku ya kuzaliwa ya Mtukufu ikaangukia siku ya fainali. Mtukufu alikaa mbele ya skrini tangu mchana, amevaa suti mpya, akingoja salamu za wananchi zimiminike. Wananchi wote walikuwa kwa Chande wakifuatilia penalti. Mashine ikahema, ikapeleka nguvu zake kule zilikohitajika, na ukurasa wa Rais, wenye picha yake akiwa amempanda simba, ukawa mweupe.

Utaratibu wetu wa ufundi unajulikana hata na watoto: kitu kikikwama, kizime kwanza, halafu kiwashe. Jenerali Kisonge, Mkuu wa Majeshi, alifika wizarani na kikosi chake, akawapanga mafundi wa zamu ukutani, akawazima wote. Kuwawasha ndiko kulikoshindikana, ingawa taarifa ya habari ilisema juhudi zinaendelea. Chande alikamatwa nyumbani kwa dada yake akiwa bado anashangilia. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia, vile vya kuandikia, wakampeleka Gereza Kuu kwa kosa la tovuti yake kufunguka haraka kuliko ya Rais.

Siwatu hawakumgusa. Mafundi wengine walikuwa wameshazimwa, na ni yeye tu aliyebaki anayejua mashine inawashiwa wapi.

*

Baraza la Mawaziri likaitishwa haraka. Siwatu akasimamishwa mbele ya meza ndefu, macho yamevimba kwa kulia, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Waheshimiwa," alisema, "mashine mpya inakuja, na lazima igawanywe ili mpangaji mmoja asimwangushe mwenzake. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuta. Kila tovuti inapewa chumba kamili, chenye moyo wake na kumbukumbu yake, inajiona iko peke yake duniani. Akiugua mmoja, jirani hana habari. Ila kuta zinakula nafasi, kwa hiyo wapangaji watakuwa wachache. Ya pili ni mapazia. Wote wanatumia moyo mmoja, na kinachowatenga ni pazia tu. Ni nyepesi, wanaingia wengi. Ila atakayeushika ule moyo amewashika wote."

"Sasa wewe unashauri ipi?" aliuliza Mtukufu.

"Inategemea, Mtukufu. Kama wapangaji wanaaminiana..."

Katika nchi yetu neno "inategemea" halitumiki. Askari wa mlangoni alimzaba kofi moja la kiutaratibu, nami nikamfuta mdomo.

Hapo akasimama Bwana Ngwali, Waziri wa Nyaya, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri. "Mtukufu Rais! Mlezi wa Mawimbi! Pazia ni umoja! Moyo mmoja, taifa moja! Ukuta ni nini? Ukuta ni ubaguzi uliopigwa lipu!" Makofi yakapigwa. Mkewe Bwana Ngwali alikuwa na duka kubwa la mapazia, lakini jambo hilo halikutajwa kwa sababu lilikuwa halihusiani.

Jenerali Kisonge, ambaye shemeji yake anafyatua matofali, hakusimama. Alirusha jagi la maji. Lilimpata Waziri usoni, likavunjika, na mjadala ukapamba moto. Waziri alimchoma Jenerali kalamu kwenye kiganja, ikatokea upande wa pili. Jenerali akamvuta kwa tai, akamng'ata sikio, akatema kipande juu ya faili la maji safi vijijini. Katibu wa baraza, mtu makini sana, aliandika: "Jenerali alichangia hoja." Wale wengine nao wakapanda juu ya meza, kila mmoja na upande wake, wakapigana viti. Nilikimbia huku na huku na taulo mpaka likawa zito, na bado nikalikosa tone moja, likadondoka kwenye zulia la nchi rafiki.

Mtukufu alifurahi. Alisema kwa miaka mingi hajaona mawaziri wakijali teknolojia namna hii. Kisha akatoa uamuzi wa busara, kwa mujibu wa Sheria ya Jaribio la Mwili.

Sheria hiyo ni yetu, hatukuiga popote. Inasema mtambo wowote usiidhinishwe kabla haujajaribiwa kwa watu. Daraja jipya hupitishiwa kwanza wafungwa waliobebeshwa mawe. Dawa mpya hunywewa kwanza na walimu. Kwa hiyo Mtukufu akaagiza Gereza Kuu ligawanywe, upande mmoja uwe Kuta, upande mwingine uwe Mapazia, na wafungwa wawe ndizo tovuti. Kisha gereza livamiwe, tuone upande upi unahimili.

"Na huyu mhandisi," akaongeza, "atasimamia ujenzi. Mdogo wake si yumo humo humo? Basi hatakosea hesabu."

*

Ujenzi ulikwenda kwa kasi, maana aliyechelewa alichapwa na aliyewahi alichapwa ili asijisahau. Upande wa Kuta ukajengwa vyumba vya tofali nene, kila chumba na mlango wake wa chuma, jiko lake dogo, mlinzi wake, na ufunguo wake ambao haufungui mlango mwingine wowote. Upande huo ukajaa haraka. Upande wa Mapazia ulikuwa ukumbi mmoja tu, wenye mlinzi mmoja, sufuria moja na ufunguo mmoja wa kila kitu, umegawanywa kwa vitambaa vya maua kutoka dukani kwa mkewe Waziri, vimetundikwa kwenye fimbo za chuma. Wafungwa waliokosa nafasi pande zote mbili walipewa msamaha wa Rais, ambao kwetu hutolewa kwa bunduki.

Chande alipangwa Mapazia. Nilimsindikiza Siwatu kwenda kumwona, kwa kuwa itifaki inataka mhandisi wa taifa asitokwe na damu bila taulo. Tulimkuta ameketi juu ya ndoo, mkono umefungwa kwa kitambaa, anasimulia ile fainali kwa mara nyingine. Ukumbi mzima unamsikiliza kupitia mapazia, na alipofika kwenye penalti wanaume wazima walipiga kelele mpaka mlinzi naye akasahau akashangilia.

Siwatu alimvuta pembeni. "Nitaomba uhamishwe. Uende Kuta."

"Nifanye nini huko, dada? Hapa tunacheka."

"Chande, nisikilize. Wakivamia huku, wakimpata yule mlinzi mmoja, wamewapata nyote. Kule wakivunja mlango mmoja, ni mmoja tu. Nitakuweka chumba cha mwisho kabisa. Watachoka kabla hawajakufikia."

"Ukiniweka peke yangu nitaongea na nani?"

"Utaongea na mimi, mambo yakiisha."

"Niache na wenzangu, dada. Tafadhali."

"Mhandisi ni nani hapa? Mimi au wewe?"

Chande akacheka, akamshika bega kwa ule mkono mzima. "Ni wewe, dada. Haya, nipeleke unakotaka."

Waziri Ngwali, sikio limefungwa bandeji, alikataa kata kata kumpoteza mfungwa wake maarufu. Jenerali alikubali hapo hapo, akasema ni heshima kwa Kuta kumpata ndugu wa mhandisi, akampiga Waziri ngumi ya tumbo kuhitimisha mazungumzo. Jioni ile Siwatu alimwingiza Chande chumba cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Alipima unene wa ukuta, akatikisa mlango, akapiga kelele nje huku mimi nikiwa ndani, ili ajue kama sauti inapita. Haikupita. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, sina haja ya kuficha.

*

Siku ya jaribio jukwaa lilijengwa nje ya uzio wa gereza, likatandikwa zulia, soda zikagawiwa. Mtukufu alifyatua bastola hewani kufungua shughuli. Risasi ikarudi chini ikampata mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, na bendi ikaendelea bila tarumbeta.

Uvamizi ulikabidhiwa Kikosi cha Wadukuzi wa Taifa. Vijana hawa hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta, lakini walikuwa na vitambulisho, sare nyeusi, na marungu yenye misumari. Walianza na Kuta. Wakavunja mlango wa kwanza kwa nyundo, wakampiga mpangaji wake mpaka akanyamaza. Mlango wa pili ilibidi waanze upya, kwa kuwa kila ukuta ni kazi mpya. Walipomaliza wa tatu, kiongozi wao alikuwa amekaa chini anahema, mikono imejaa malengelenge.

"Mnaona!" alipaza sauti Jenerali. "Wamekufa watatu tu! Watatu tu, na majirani hawana hata habari!" Jukwaa zima likapiga makofi. Siwatu hakupiga makofi, lakini alishusha pumzi. Chumba cha Chande kilikuwa mbali, mwisho wa korido.

Wakahamia Mapazia. Yule mlinzi mmoja aliyekuwa na ufunguo shingoni walimpasua uso kwa pigo moja, wakamvua ufunguo, na kila mtu jukwaani akajua yaliyobaki, maana Siwatu alishayaeleza. Lakini Siwatu alikuwa ameeleza kuhusu tovuti. Tovuti haina mikono. Wafungwa walizing'oa zile fimbo za chuma pamoja na mapazia yake, wakawaangukia Wadukuzi. Waliwapiga magoti, wakawapiga vichwa, wakawapiga wakiwa chini, na kelele zao zilikuwa zile zile za penalti. Kisha mfungwa mmoja aliyekuwa mchinjaji akauokota ufunguo kwenye damu. Kwa kuwa ulikuwa ufunguo wa kila kitu, ukafungua kila kitu. Ukumbi mzima ukamwagika nje kupitia lango kuu, watu wamejifunga maua ya mkewe Waziri, na Bwana Ngwali aliyesimama njiani kuwaeleza maana ya umoja walipita juu yake. Nilimwendea na taulo. Hakukuwa na cha kufuta kilichokamilika.

Nilidhani Jenerali atawafuata waliotoroka. Utaratibu hausemi hivyo. Utaratibu unasema mfumo ukiingiliwa, uzime kwanza.

"Mfumo umeingiliwa!" alinguruma Jenerali. "Zima!"

Mizinga ilikuwa kilimani tangu asubuhi, kwa ajili ya saluti. Bomu la kwanza likaangukia ukumbi wa Mapazia, ambao ulikuwa mtupu. La pili likapiga jiko. Walinzi wa Kuta waliposikia, kila mmoja alikimbia upande wake, na kila mmoja alikimbia na ufunguo wake mfukoni.

Siwatu alishuka jukwaani akakimbilia ndani. Sijui kwa nini nilimfuata. Itifaki haisemi chochote kuhusu hilo. Tulipita korido tunaruka watu, vumbi limejaa mdomoni, akaokota fimbo ya pazia na kuanza kuupiga mlango wa mwisho. Aliupiga mpaka fimbo ikapinda. Mlango ule aliukagua yeye mwenyewe, na ulikuwa mlango mzuri sana. Katikati yake kulikuwa na kitundu cha kupitishia chakula, akakifungua, akakiinamia.

"Chande!"

"Dada?" Sauti ya kijana ilitoka taratibu, kama mtu aliyeamshwa. "Mbona mapema? Kuna nini huko nje? Huku kwangu shwari kabisa, sisikii hata inzi."

Siwatu alinigeukia. Ule uso sitausahau. Bomu jingine likapiga chumba cha katikati na dari ya korido ikaanza kushuka.

"Dada, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mdogo wangu," akasema Siwatu. "Lala."

Nilimkamata kiunoni nikamburuta. Aliniuma mkono mpaka kwenye mfupa, na alama yake ninayo mpaka leo, na ndiyo nishani pekee ninayoionea fahari. Tulipotoka uani, Kuta zilikuwa zinaanguka. Zilijengwa vizuri mno. Kila mmoja aliangukiwa na ukuta wake mwenyewe, peke yake, bila kumsumbua jirani. Nililia na taulo usoni, na nilikuwa nimesahau lilichokuwa nacho.

*

Tume ya uchunguzi ilimaliza kazi haraka, baada ya wajumbe wawili kuuawa kwa kutofautiana. Ripoti ilisema Kuta zimefaulu kwa kiwango cha juu. Hakuna mpangaji wa Kuta aliyemdhuru mwenzake. Hakuna aliyetoroka. Wote walipatikana palepale walipopangwa.

Siwatu akatunukiwa nishani. Kwetu nishani huchomekwa kwenye ngozi, siyo kwenye nguo, ili mtu asiivue akifika nyumbani. Mtukufu mwenyewe aliichomeka chini ya mfupa wa bega, akaisukuma kwa kidole gumba. Siwatu hakukunja uso. Nilipomfuta, alinong'ona: "Mzee Shekue, yule mtoto aliniambia nimwache na wenzake."

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe ulitaka apone."

"Nilikosea hesabu. Ukuta unamkinga mpangaji na mpangaji mwenzake. Kwa mwenye nyumba haukingi kitu. Na mimi nilikuwa namtazama jirani."

Mtukufu, kwa upande wake, alizipenda Kuta mpaka akazitaka nyumbani. Ikulu ikabomolewa ndani ikajengwa upya kwa mfumo ule ule: kila chumba na mlango wa chuma, na jiko, na mlinzi, na ufunguo wa peke yake, na kitundu cha kupitishia chai. Chumba chake kilikuwa cha mwisho. Hata mashine mpya ya taifa aliihamishia huko, chini ya chumba chake cha kulala, akidai anapenda kulala juu ya nchi. Wafanyakazi walioijenga Ikulu hiyo walisamehewa.

Akatia saini pia Sheria ya Zima, kwa ushauri wa Jenerali. Sheria hiyo ilisema kuanzia sasa mfumo ukiingiliwa Jenerali asingoje amri ya mtu yeyote, kwa kuwa anayetoa amri huenda naye ameingiliwa. Jenerali ashambulie mara moja jengo lilimo mashine. Mtukufu alisifu sana umakini wa maneno hayo. Baada ya kusaini alimgeukia Siwatu.

"Mhandisi. Ndani ya kuta zangu, mimi na tovuti yangu, tuko salama?"

"Salama kabisa, Mtukufu. Hakuna jirani atakayekufikia."

Alitosheka na jibu hilo. Nilimtazama Siwatu, na Siwatu akatazama zulia.

*

Siku ya kuzaliwa ikarudi. Safari hii hapakuwa na fainali, maana mpira ulikuwa umeshapigwa marufuku na wachezaji kufungwa. Mtukufu alijifungia chumba chake cha mwisho, suti mpya, skrini mbele yake, ili apokee salamu za taifa kwa utulivu. Wananchi walikuwa wamepangwa viwanjani, askari nyuma yao na mijeledi, kila mtu anaandika salamu. Mimi nilisimama mlangoni pake na taulo langu, mlinzi wake ubavuni pangu, ufunguo kiunoni.

Siwatu alikuwa chini, kwenye mashine. Nilisikia baadaye jinsi alivyofanya, na ni jambo dogo hata aibu kulieleza. Alitafuta chumba cha tovuti ya Rais. Kuta zake zilikuwa kamili, hakuna tovuti jirani ambayo ingeweza kuzipenya. Yeye hakuwa jirani. Alikizima tu kutoka nje, kama mtu anayezima taa ya sebule, na vyumba vingine vyote vikaendelea kunguruma bila habari.

Picha ya simba ikatoweka kwenye kila skrini ya nchi. Kwenye kambi ya kilimani Jenerali Kisonge akasimama: mfumo ulikuwa umeingiliwa. Nasikia alisita kidogo, kwa sababu aliijua anwani ya jengo. Ofisa wake wa sheria akamkumbusha kwamba sheria haina kipengele cha kusita, na kwamba anayesita huenda naye ameingiliwa. Jenerali alikuwa mtu wa utaratibu. Alimpiga risasi ofisa wa sheria kwa kumkumbusha, kisha akatii.

Siwatu alipanda ngazi akanikuta mlangoni. Nishani ilikuwa imevimbisha bega lake zima.

"Mzee Shekue, una watu nyumbani?"

"Nina wajukuu."

"Basi usikae sana," akasema, akaenda zake kwa mwendo wa kawaida, na walinzi wakampigia saluti kwa ajili ya ile nishani.

Bomu la kwanza lilipiga bustani. La pili lilipiga ukumbi wa baraza, na lile zulia la nchi rafiki likapaa mpaka likanasa mtini. Walinzi wa Ikulu walikuwa watu wa mafunzo ya juu, lakini nao walikuwa na wajukuu. Kila mmoja alikimbia upande wake na ufunguo wake. Huyu wa kwetu aliniambia, "Mzee, samahani," akaruka dirisha, na ufunguo ukaruka naye.

Nikabaki peke yangu na mlango. Niliutazama. Ulikuwa mlango mzuri sana. Vyumba vya mbele vilikuwa vimeanza kushuka, kimoja kimoja, na vumbi lilinijia mdomoni, na mkono wangu ulianza kuniuma pale penye alama.

Kitundu cha chai kikafunguliwa kutoka ndani. Nikaona jicho moja, na kipande cha tai mpya.

"Afisa Itifaki," ikaja sauti ya Mtukufu, ya mtu aliyekatizwa shughuli. "Salamu zimekatika. Kuna nini huko nje? Huku kwangu shwari kabisa."

Niliinama mpaka kwenye kitundu, kwa adabu inayotakiwa.

"Hakuna kitu, Mtukufu," nikamwambia. "Lala."

Nikalikunja taulo langu vizuri, nikaliweka sakafuni, nikaenda nyumbani.